Watoto wanaipenda yoga yangu, wazazi wanasema ni ibada

*Shangazi, shikamoo.*

Mimi ni mwalimu wa awali hapa Mbeya mjini. Nina miaka 29, nimeolewa, na nina mtoto mmoja. Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano katika shule binafsi iliyopanga kwenye majengo ya kanisa. Mwenyewe nimeokoka na naimba kwaya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi.

Kama unaijua Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba, unazijua asubuhi zake. Watoto wanafika na sweta mbili na kofia za sufu, vidole wamevificha ndani ya sweta. Ukimpa mtoto penseli saa hiyo inamponyoka. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa yuko Iringa, alinionyesha anavyowapasha watoto wake moto kwa mikao ya yoga iliyogeuzwa mchezo, akanitumia na video. Hakuna kukaa kimya na kufumba macho kama wanavyofanya watu wazima. Mwalimu anasimulia hadithi, na watoto wanakuwa kila kilichomo ndani yake.

Nikatunga hadithi yangu: tunasafiri kutoka mjini kwenda Tukuyu. Tunasimama wima, mikono juu, huo ni mlima Loleza. Tunapiga magoti na kushika chini, mgongo tunaupandisha kama paka aliyeona mbwa, tunaushusha kama ng'ombe. Tukifika kwenye migomba, kila mmoja anasimama kwa mguu mmoja, upepo unavuma, na anayeanguka anacheka na kusimama tena. Msitu wa Rungwe una vyura, nyoka na vipepeo, na watoto wenyewe wameongeza kipunji, yule kima wa kule kwetu, ingawa mkao wake kila mtu anaufanya anavyojua. Mtoni Kiwira tunalala chali, tunakunja magoti na kuinua kiuno: hilo ndilo Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba juu ya mto. Halafu anakuja simba. Macho wazi, ulimi nje, na pumzi yote inatoka kwa mngurumo mmoja mrefu. Mwisho tunalala kama mawe kwa dakika moja. Yote hayo ni robo saa tu.

Nina mtoto mmoja wa kiume aliyeletwa kuishi na bibi yake baada ya mambo mazito ya nyumbani kwao. Muhula mzima hakusema neno darasani. Siku moja, kwenye simba, akanguruma kuliko wote. Tangu hapo anaomba maji, anaomba ruhusa ya kwenda chooni, anagombania rangi na wenzake. Shangazi, hata ugomvi wake ulinifurahisha.

Shida ilianza kama kichekesho. Mtoto mmoja alimwambia bibi yake, "Leo tumefanya Daraja la Mungu, nimelala chini nikainuka." Bibi akaja mbio shuleni akidhani tunawaombea watoto wanaanguka. Nikamweleza, tukacheka, yakaisha. Baadaye mwalimu msaidizi wangu akarusha klipu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na kuandika "Asubuhi ya yoga". Mchana ilikuwa mioyo na makofi. Usiku baba mmoja akauliza kwa nini mwanawe anafundishwa ibada za Wahindi ndani ya jengo la kanisa. Mwingine akaleta voisi ya mhubiri anayesema kila mkao umetengewa mungu wake, na mtoto akiukaa anafungua mlango. Kulipokucha kundi lilikuwa linawaka moto. Mama mmoja Mwislamu ninayemheshimu hakuandika chochote kundini. Alikuja mwenyewe, akanisalimia vizuri, akasema, "Mwalimu, mazoezi sikukatazi. Ila ningependa kuulizwa."

Mkurugenzi ameitisha kikao cha wazazi Jumamosi ijayo. Kanivuta pembeni akaniambia niseme ni mazoezi ya viungo, neno yoga nilifute, na wazazi watanyamaza. Mume wangu anataka niache kabisa, kwa kuwa mkataba wangu unaisha Desemba na hatuna pengine pa kushika. Mama mkwe amepiga simu kutoka Tukuyu: "Mkwe wangu, hebu niambie, mnawafanyia nini watoto wa watu?"

Na mimi mwenyewe sina uhakika tena. Usiku nikisali najiuliza kama kweli nimewafungulia watoto mlango nisioujua. Asubuhi nikiwatazama naona watoto wanacheza. Jambo moja zaidi: kwenye video wanamaliza kwa kuunganisha viganja kifuani na kusema "namaste", salamu ya Kihindi. Mimi neno hilo nililitoa, viganja nikavibakiza, watoto wanasema "asante".

Niache? Nibadilishe jina huku nikijua ni kitu kilekile? Au nisimame kikaoni nitetee, hata nikipoteza kazi?

*Mwalimu wa Simba, Mbeya*

---

Shangazi anajibu

Marahaba, mwalimu, na pole kwa usiku ule wa kundi la WhatsApp. Watu waliokuwa wakikutumia mioyo mchana kukugeuka kabla ya alfajiri, hilo linaumiza hata mtu mwenye ngozi ngumu.

Umeuliza maswali matatu mwishoni. Lipo la nne hukuliandika kama swali, nalo ndilo linalokunyima usingizi: je, nimewatendea watoto jambo baya? Naanza na hilo, maana usipokuwa na jibu lako mwenyewe hapo, Jumamosi utakubali lolote utakaloambiwa na mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Yoga ilizaliwa India, ni ya kale sana, na kwa watu wengi ni njia ya kiroho mpaka leo. Anayekuambia haijawahi kuhusiana na dini hakuambii kweli. Lakini na yule mhubiri wa kwenye voisi kakaza kamba kupita kiasi. Maandishi ya kale ya Patanjali, ambayo walimu wengi wa yoga huyategemea, yanasema machache mno kuhusu mikao ya mwili. Yanataka mtu akae kwa utulivu na bila kujiumiza, kisha yanaendelea na mambo ya akili na nafsi. Sehemu kubwa ya mikao tunayoiona kwenye simu ilipata sura yake ya sasa katika karne ya 20. Walimu kama Krishnamacharya, aliyefundisha vijana huko Mysore miaka ya 1930, walichangia sana, wakati ambapo mazoezi ya viungo yalikuwa yameshika kasi India. Ipo mikao yenye majina ya miungu na wahenga wa Kihindu. Ipo mingi pia yenye majina ya mti, mlima, nyoka na simba, na hiyo ndiyo uliyochukua wewe.

Wanaohangaika na jambo hili si ninyi wa Mbeya peke yenu. Mwaka 1989 Vatican ilitoa barua ya kuwatahadharisha Wakatoliki kuhusu njia za kutafakari zinazotoka Mashariki, yoga ikiwemo, bila kusema kila kitu chake kitupwe. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza kwa Waislamu mwaka 2008. Mwaka uliofuata maulamaa wa Indonesia wakatenganisha: yenye nyimbo za ibada hairuhusiwi, mazoezi matupu yanaruhusiwa. Saudi Arabia ikaiorodhesha kuwa mchezo mwaka 2017. Kule California, Marekani, wazazi walikwenda mahakamani kupinga yoga katika shule za mji wa Encinitas. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema mafunzo yale, jinsi yalivyokuwa yakiendeshwa, hayakuwa ya dini.

Hayo usiende nayo kikaoni kama wakili. Ukimrushia mzazi Saudi Arabia, naye atakurushia Malaysia, na jioni itawakuta hapo. Nimekutajia ili usiku ukiamka ujue kwamba watu wenye elimu na wenye hofu ya Mungu wamelitazama suala hilihili wakatofautiana, na wengi wao waligawanyika mahali pamoja: ni nini hasa kinafanyika, na kwa nia gani.

Ndiyo maana mimi nilisimama kwenye vile viganja. Mwalimu, neno ulilitoa, ishara ukaibakiza. Kwa nini? Huenda uliona inapendeza, na "asante" ya watoto ni jambo jema. Lakini jiulize kabla hajakuuliza yule baba. Jimbo la Alabama, hukohuko Marekani, ambalo lilikuwa limepiga marufuku yoga katika shule za umma tangu 1993, lililegeza mwaka 2021 kwa masharti. Mikao iitwe kwa Kiingereza, lugha ya watoto wa kule. Nyimbo za dua, ishara za mikono na neno "namaste" visiwepo. Na mzazi aridhie kwa maandishi. Sisemi ufuate Alabama, maana mbali na mkao wa mikono, wewe ulikuwa umeshafanya karibu yote hayo bila kulazimishwa na mtu. Kilichobaki ni ile ridhaa ya mzazi.

Hapo tunarudi kwa yule mama aliyekuja kwa miguu yake. Katika barua nzima, maneno yake ndiyo niliyoyasoma tena na tena. Hakusema yoga ni shetani, wala hakusema ni nzuri. Alisema angependa kuulizwa. Inawezekana kundi zima linasema hivyohivyo, ila kwa makelele. Mzazi anamwacha mtoto wa miaka minne mlangoni na kuondoka. Akija kugundua kupitia klipu kwamba kuna jambo lina jina asilolijua, hofu inamwingia hata kama jambo lenyewe ni kuruka kichurachura.

Na yule baba wa "ibada za Wahindi" umemweka upande wa maadui, naona. Hebu mtazame upya. Anachokiogopa yeye kundini ndicho unachokiogopa wewe usiku ukisali. Ukimwambia hivyo ana kwa ana, "baba, hata mimi nimelala nikijiuliza," mazungumzo yanaweza kuchukua njia nyingine. Yanaweza pia yasichukue, na akaenda kutangaza kuwa mwalimu mwenyewe amekiri. Pima unavyomfahamu. Ila kikaoni jihadhari msije mkageuza neno "Wahindi" kuwa tusi. Familia za Kihindu zimeishi Mbeya na Iringa vizazi na vizazi, zina maduka mnakonunua madaftari, na watoto wao wanasoma na wa kwenu.

Sasa huyu mtoto wa simba. Unaamini yoga ndiyo iliyomfungua, na kwa sababu hiyo unaona kuacha ni kumfungia tena. Nakuuliza taratibu: una hakika ni ule mkao? Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kelele mbele ya mtu mzima bila kukaripiwa. Huenda ni kuona mwalimu mzima ameshuka sakafuni kutoa ulimi nje pamoja naye. Kama ni hivyo, utakachoamua Jumamosi hakitamwondolea alichokipata kwako. Hata hivyo sikudanganyi, kwa mtoto aliyepitia mazito, kitu anachokitegemea kila asubuhi kikitoweka bila maelezo kinauma. Ukiacha, au ukibadilisha, mwambie yeye mapema na kwa lugha yake. Na kaongee na bibi yake kuhusu yale mambo ya nyumbani, na ikibidi umfikie afisa ustawi wa jamii, kwa sababu kumponya mtoto kwa mngurumo pekee, hata uwe mzuri vipi, ni mzigo mkubwa mno kuutwika mchezo wa robo saa.

Ushauri wa mkurugenzi naona umekuchefua, nami naelewa. Ukisema "mazoezi ya viungo" kwa kuficha, klipu bado iko kwenye simu za watu, msaidizi wako anajua, na watoto wa umri huo hawana siri. Wazazi wakigundua, hawatabishana tena kuhusu India, watabishana kuhusu uaminifu wako. Lakini kubadilisha jina hadharani ni jambo jingine kabisa. Ukisema, "Nilijifunza hivi kutoka kwa walimu wa yoga, nimechukua kunyoosha viungo na kuigiza wanyama, nimeacha mengine, na sisi tunaiita Safari ya Tukuyu," umemficha nani? Jiulize tu: ukiitoa ile video, kwako kinabaki nini? Kwa nilivyokusoma kinabaki Loleza, migomba, kipunji na Kiwira. Watoto wa Rungwe waliruka kama vyura kabla ya hizo simu kufika. Atakuwepo mzazi atakayesema jina jipya ni nguo mpya kwa mtu yuleyule, na hutaweza kumridhisha. Huyo ana haki ya kusema mwanawe asishiriki.

Akisema hivyo, uwe umejiandaa. Mtoto wa miaka minne akikalishwa ukutani akiwatazama wenzake wanakuwa simba, amepewa adhabu. Msaidizi wako achukue wasioshiriki nje wakaruke kamba au wacheze rede, na mchezo huo uwe mtamu kiasi kwamba wa ndani nao wautamani.

Kuacha kabisa, kama anavyotaka mume wako, nako kuna uzito wake, usikudharau. Yeye anazungumzia Desemba, kodi na chakula. Kabla hujamwona hana imani na kazi yako, kaeni na hesabu mjue nyumba inaweza kuhimili nini. Wapo walimu walioacha jambo zuri kwa mwaka mmoja ili walirudishe kwa utulivu, na wapo walioacha wakabaki na kinyongo na shule nzima. Wewe unajijua uko upande gani.

Kuna mambo ambayo wazazi hawajauliza, nami nayaona makubwa kuliko mhubiri. Hao watoto wanalala "kama mawe" juu ya nini mwezi wa saba? Kama ni saruji, tandika jamvi na mikeka. Mtoto mwenye seli mundu baridi inaweza kumwamshia maumivu, hivyo waulize wazazi mmoja mmoja, kwa faragha, kama kuna mwenye seli mundu, pumu au kifafa. Simba angurume mara chache na apumzike, kwa sababu kuhema kwa kasi mfululizo kunaleta kizunguzungu. Kusimama kwa kichwa kusiwepo hata akiomba nani, shingo zao bado changa. Isifanyike mara tu baada ya uji. Mtoto asisukumwe mgongo ili afike mbali, afike anapofika. Na robo saa hiyo isile muda wa kukimbia: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujongeajongea kwa siku, na 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho. Ukienda kikaoni ukaanza na haya, wazazi watamsikia mwalimu wa watoto wao badala ya mtetezi wa yoga.

Unaweza kufikiria kuwaalika waje kutazama asubuhi moja. Wengi hofu huwatoka wakiona mtoto wao ameanguka kwenye mgomba huku akicheka. Tatizo ni kwamba ukialika kundi lenye hasira unajenga jukwaa, na anayetaka kurekodi atarekodi. Bora waanze wawili watatu, na wa kwanza awe yule mama. Mlete na bibi wa Daraja la Mungu, huyo keshacheka nawe mara moja.

Mama mkwe amekuuliza, hajakuhukumu. Ukipata nafasi nenda Tukuyu na mjukuu wake, mtoto amwonyeshe mwenyewe. Bibi akitaka kujaribu mgomba, mshikeni mkono.

Kuhusu ule mlango wa usiku, mimi siwezi kuufunga wala kuufungua kwa niaba ya imani yako. Tafuta mchungaji unayemwamini, asiye ndani ya ugomvi wa shule. Mweleze unachofanya hatua kwa hatua pamoja na viganja, msikilize, kisha usali ukiwa na habari kamili. Ukiona dhamiri yako inakataa, utakuwa umeacha kwa sababu yako mwenyewe na hutamlaumu mtu. Ukiona imetulia, utasimama Jumamosi bila kutetemeka, hata kama kura zitakwenda kwingine.

Kikao kisikukute kabla hujaonana na wale wawili, yule mama na yule baba, uso kwa uso, kila mtu kwa wakati wake. Kundini usijibu chochote kwa sasa. Na huyo msaidizi wako mwambie kwa upole lakini mkaelewana: klipu za watoto wa watu hazirushwi bila ruhusa ya wenyewe, hata wakiwa wanakunywa uji.